Kodi ya jengo na gharama ya kudai haki



Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunapenda kulitazama jambo dogo kwa hesabu lakini zito kwa haki, nalo ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hii imekuwa ikikatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi shilingi 1,500, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka. Hatuna ugomvi na kulipa. Barabara na zahanati hazijengwi kwa dua peke yake.

Tunalouliza ni hili: anayekatwa isivyo haki afanye nini? Chini ya sheria ya mwaka 1983 majengo ya mijini yalithaminiwa, na asiyeridhika na thamani aliyopewa aliwekewa baraza la kupelekea pingamizi lake. Kiwango kimoja kwa nyumba zote za kawaida kimepunguza ugomvi wa thamani, lakini kimezaa malalamiko mengine. Nyumba moja yenye mita mbili huweza kukatwa mara mbili mpaka mwenyewe aende kueleza. Mzee aliyetimiza miaka 60 amesamehewa kodi ya nyumba anayoishi, ila msamaha huo haumfuati mlangoni, sharti auombe. Na mpangaji hununua umeme akakatwa kodi ambayo kwa asili ni ya mwenye nyumba.

Tufanye hesabu ya bibi mmoja anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam, mwenye kudai msamaha wake. Akipanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kwa nauli ya shilingi 600 kila gari, ametumia shilingi 2,400. Hiyo tayari imepita kodi ya mwezi mmoja. Aongeze kutoa nakala za vielelezo, aongeze siku ya biashara iliyopotea, kisha aambiwe arudi wiki ijayo. Safari tatu hivi, na faida ya mwaka mzima imekwisha. Mwenye ghorofa humtuma karani wake. Bibi huyu hunyamaza akakatwa. Kunyamaza kwake kusidhaniwe kuwa ni ridhaa.

Historia yetu ina mfano ambao tungependa watunga sera wausome. Baada ya Khaybar kufunguliwa, mwaka wa 7 Hijria, Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtuma Abdullah bin Rawaha (R.A.) kukadiria tende zilizo mitini, kwa kuwa nusu ya mavuno ilikuwa ya Waislamu na nusu ya Mayahudi walioihudumia mitende. Wenyeji wakalalamika kwamba amekadiria mno. Hakuwaambia waende Madina kushitaki. Aliwapa hiari palepale shambani: wakiona makadirio ni makubwa, yeye atazichuma tende zote na kuwakabidhi nusu ya kiasi alichokitaja. Wakakiri kuwa huo ndio uadilifu. Tunajua kwamba mgao wa mavuno si kodi ya nyumba, lakini tazameni hatari ya kosa aliibeba nani: mkadiriaji, si mkadiriwa. Na walalamikaji hawakuwa hata Waislamu.

Naye Sayyidna Umar (R.A.) aliwataka magavana wake wakutane naye wakati wa Hija, ili mwenye dukuduku juu ya gavana wake alitoe hapo mbele ya watu. Malalamiko yalipokelewa mahali ambapo raia walikuwa wakienda hata hivyo.

Lakini tusiinyooshee Serikali kidole tu. Ni nyumba ngapi zetu ambazo bado zina jina la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita, mirathi haijagawanywa, na mjane aliyemo ndani hana karatasi ya kuonyesha kuwa ana fungu lake humo? Msamaha ni wa mmiliki. Mjane huyo akienda kuuomba atatakiwa kuthibitisha umiliki, na kizuizi chake cha kwanza ni sisi wanawe na shemeji zake. Na wewe mwenye nyumba, mpangaji wako akikatwa shilingi 1,500 kwa niaba yako, hilo ni deni shingoni mwako. Mpunguzie katika kodi ya pango bila kungoja akukumbushe. Wengi huona haya kudai, au huogopa kuhamishwa.

Kwa wenye mamlaka, ombi letu ni jepesi. Ofisa mwenye uwezo wa kuamua akae katika ofisi ya serikali ya mtaa walau siku moja kila mwezi, na tarehe yake itangazwe misikitini na makanisani. Umri uthibitishwe kwa kitambulisho cha Taifa ambacho Serikali yenyewe imekitoa, bila kumtaka mzee alete tena barua juu ya barua. Makato yasimame tangu siku lalamiko linapopokelewa, na kilichokatwa kimakosa kirudi kwa njia ileile kilikotokea, yaani kwa uniti za umeme katika mita yake.

Kamati za misikiti nazo zisingoje. Baada ya Sala ya Ijumaa, kijana mmoja mwenye kalamu na subira anaweza kuwajazia wazee kumi fomu zao kabla ya Alasiri.