KUJILINDA NI HAKI, KUMUUA MWIZI ALIYESHIKWA NI MAUAJI



Kwenye magrupu yetu inazunguka kauli: "Mwizi tukimshika tummalize, ni haki yetu kujilinda." Wapo hata viongozi walioiunga mkono. Kauli hiyo ni ya uongo na itawafunga vijana wetu.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyokifuata, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali. Haijaandika kwamba ukivamiwa lazima ukimbie kwanza. Anayevunja mlango wako usiku na panga mkononi, pambana naye. Lakini nguvu iwe ile tu inayohitajika. Ikizidi na mtu akafa, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Sasa mtu yuko chini, kafungwa kamba, kazungukwa na watu 30. Unajilinda na nini? *Hapo kujilinda kumekwisha.* Kinachofuata ni mauaji, na kesi ya mauaji haina dhamana.

Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali". Mahakamani hakuna mtu wa jina hilo. Kuna mshtakiwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Aliyeleta tairi na aliyeleta petroli wanasimama kizimbani na aliyewasha kiberiti.

Mimi ni mtu wa mahesabu. Upande mmoja weka gunia la mahindi au pikipiki. Upande wa pili weka miaka ya mahabusu, nauli za familia kwenda Mahakama Kuu Tanga, shamba lililolala na watoto walioacha shule. Na kama aliyepigwa siye aliyeiba?

Mnasema polisi wanachelewa na wezi wanarudi mtaani. Basi tuipeleke hoja hiyo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, iandikwe kwenye muhtasari, tudai majibu. Mawe hayajibu hoja hiyo.

Kuanzia leo:
1. Piga filimbi, majirani watoke.
2. Mkamateni, msimpige.
3. Mwiteni mwenyekiti wa kitongoji, akabidhiwe polisi bila kuchelewa.

Kiongozi atakayeendelea kuhamasisha kuua, nitaliweka jina lake kwenye ajenda ya kikao cha tawi.

Wasomeeni na wasio na simu.

Katibu wa Tawi,
Kabuku