Usiache kazi kabla ya kurekebisha kompyuta

Watu wengi wanaofanya kazi za afisini hapa mijini huanza kupungukiwa na nguvu za macho au za mikono wakiwa bado na miaka mingi ya kuajiriwa mbele yao. Aghalabu hawamwambii mtu. Karani husogeza pua hadi ikaribie kugusa kioo cha kompyuta. Mhasibu humwomba mwenzake amsomee tarakimu kwa kisingizio kwamba amesahau miwani nyumbani. Makosa yakizidi huja barua ya onyo, na baada ya barua huja ombi la kustaafu mapema kwa sababu za kiafya.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, na ombi la aina hiyo likiletwa kwangu nitie sahihi, huuliza swali moja kwanza: kompyuta yako imerekebishwa ikufae? Wengi hushangaa. Hawajui kwamba ndani ya mashine hiyo mna visaidizi vilivyowekwa makusudi kwa ajili ya mtu asiyeona vizuri, asiyesikia au ambaye mikono yake haimtii. Visaidizi hivi si vigeni. Programu ya Windows 95, iliyotolewa Agosti 1995, ilikuwa tayari na baadhi yavyo, vilivyobuniwa na Kituo cha Trace katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Havilipiwi senti.

Lakini kabla hujagusa kitufe chochote, nenda ukapimwe. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa na kusoma karibu huwa taabu. Huyo humtosha miwani. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Ugonjwa wa glakoma hula uwezo wa kuona wa pembeni polepole bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Kisukari nacho huharibu mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho. Kukuza maandishi bila kupimwa ni kupeperusha moshi na kuacha moto ukiwaka. Na ukipoteza kuona ghafla, au upande mmoja wa mwili ukalegea ghafla, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Ukishapimwa, keti mbele ya kompyuta. Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi U. Ukurasa wa visaidizi utafunguka. Mwenye macho hafifu aanze na ukubwa wa maandishi, ambao unaweza kupandishwa hadi asilimia 225. Akibonyeza kitufe cha dirisha pamoja na alama ya kujumlisha, atapata kioo cha kukuza sehemu anayoitazama. Akitaka kukifunga, abonyeze kitufe cha dirisha na Esc. Anayeumizwa na mwangaza, kama ilivyo kwa wengi wenye mtoto wa jicho, na achague maandishi meupe juu ya weusi.

Aliyepatwa na kiharusi akabaki na mkono mmoja hawezi kwa urahisi kubonyeza vitufe viwili kwa wakati mmoja ili aandike herufi kubwa. Huyo na abonyeze Shift mara 5 mfululizo, kisha akubali swali litakalotokea. Tangu hapo atabonyeza kitufe kimoja baada ya kingine na kompyuta itaelewa. Mwenye mikono inayotetemeka, ambaye kila herufi hujiandika mara nne, na ashikilie Shift ya kulia kwa sekunde 8. Kompyuta itapuuza miguso isiyokusudiwa. Mwenye baridi yabisi kwenye vidole anaweza kupunguza kasi ya kipanya, au kukiacha kabisa na kukisogeza kishale kwa vitufe vya nambari.

Asiyeona kabisa pia ana njia. Kitufe cha dirisha, Ctrl na Enter vikibonyezwa pamoja, kompyuta huanza kusoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo. Ipo pia programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Hutolewa bila malipo na huja na sauti inayoweza kusoma Kiswahili, ingawa ni sauti ya kimashine ambayo sikio huhitaji siku kadhaa kuizoea.

Ushauri wangu ni huu: washa kisaidizi kimoja, kaa nacho kwa juma zima, kisha ndipo uongeze kingine. Ukiviwasha vyote siku moja utachanganyikiwa na kuvizima vyote. Kama kompyuta inatumiwa na watu wengi, omba ufunguliwe akaunti yako, la sivyo fundi atakuja jioni "kuitengeneza" na kesho utakuta herufi zimerudi kuwa ndogo kama mchwa.

Waajiri wengine hulalamika kwamba mfanyakazi wa namna hii atawapunguzia kasi. Sikatai kwamba majuma ya kwanza ni magumu, wala kwamba ziko kazi ambazo macho hafifu hayaziwezi. Sikatai pia kwamba baadhi ya programu za mishahara na za akiba ya bidhaa haziwezi kusomwa na kompyuta kwa sauti. Hilo la mwisho ni kosa la mnunuzi aliyetoa fedha bila kuuliza. Lakini mfanyakazi aliyeijua kazi kwa miaka 20 hawezi kutupwa kwa sababu ya ukubwa wa herufi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tena si suala la huruma. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003, nayo ipo. Hata hivyo sheria haibonyezi vitufe. Hapana budi mtu fulani katika kila afisi apewe jukumu hilo kwa jina lake, na mfanyakazi ajue ni nani wa kumwendea bila kuona haya.

Kwa madaktari wenzangu nina neno pia. Tumezoea kuandika barua za mapumziko: siku 7, siku 14, mwezi mmoja. Mapumziko hayamrudishii mtu macho aliyopoteza kwa glakoma. Barua inayomfaa ni ile isemayo kwamba mgonjwa huyu anaweza kuendelea na kazi yake, na kwamba anahitaji maandishi yaliyokuzwa, kioo kikubwa zaidi na meza iliyo mbali na mwanga wa dirisha. Kuiandika huchukua dakika 5. Kwa mzazi mwenye karo ya kulipa, dakika hizo ni tofauti kati ya mshahara na kuwategemea watoto.

Nawe msomaji, kama umekuwa ukificha, usifiche tena. Juma hili fanya mambo mawili: panga siku ya kupimwa macho, na ubonyeze kitufe cha dirisha pamoja na U uone kilichomo. Barua ya kustaafu itaandikwa siku nyingine, ikiwa italazimu.