Kivuli cha Adhuhuri: Wanafalaki wa Kiislamu na Somo la Sayansi Kagera

Katika shule nyingi za sekondari historia ya sayansi hufundishwa kama ngazi iliyong'olewa vipandio vya katikati. Wayunani wa kale hutajwa, kisha somo huruka zaidi ya miaka elfu moja na kuangukia kwa Galileo na Newton. Mwanafunzi wa Bukoba au Muleba hukokotoa aljebra kila juma bila ya kuambiwa kwamba neno hilo limetokana na jina la kitabu cha Kiarabu, kilichoandikwa na Muhammad bin Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad yapata mwaka 820. Wala haambiwi kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu hesabu za wasia na mirathi. Lau angaliambiwa, huenda angaliona kwamba aljebra ilikuwa na kazi nyumbani kwao. Muislamu akifariki na kuacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja, bila ya wazazi, mke hupewa thumuni, na kila mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti katika salio. Kibanja kikigawanywa sehemu 40, mke atapata 5, kila mwana 14, na binti 7. Mwanafunzi na atafute mwenyewe kwa nini ni 40.

Lakini mahali ambapo Kagera yaweza kunufaika zaidi na urithi huo ni katika elimu ya falaki, na sababu yake ni ya kijiografia. Bukoba ipo katika longitudo ya nyuzi 31.8 mashariki, ilhali Dar es Salaam ipo karibu na 39.3. Dunia huzunguka nyuzi 1 kwa kila dakika 4; kwa hiyo jua hufika kileleni Bukoba takriban nusu saa baada ya kufika kileleni Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani katika miji yote miwili husoma sawasawa. Kwa wastani wa mwaka, mchana-kati wa jua Bukoba ni saa 6 na dakika 53, na Dar es Salaam ni saa 6 na dakika 23. Kuchwa kwa jua hutofautiana zaidi, kwa kuwa urefu wa mchana nao hutegemea latitudo: tofauti hiyo ni kama dakika 20 mwezi Desemba, na hufika kama dakika 40 mwezi Juni. Mfungaji wa Bukoba atakayefuturu kwa adhana ya Dar es Salaam aliyoisikia redioni atakuwa amekula jua lingali juu ya vilima. Hili si suala la fatuwa peke yake. Ni hesabu ya shule ya sekondari.

Na hesabu hiyo ina mwenyewe. Mnamo mwaka 997 Abu Rayhan al-Biruni, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliangalia kupatwa kwa mwezi akiwa Kath, katika nchi ambayo leo ni Uzbekistan. Abu al-Wafa aliangalia kupatwa huko huko akiwa Baghdad, kwa mapatano yao ya awali. Mwezi hupatwa kwa wakati mmoja kwa wote wanaouona, lakini saa za mahali huwa mbalimbali. Wataalamu hao walipolinganisha walipata tofauti ya karibu saa moja, na kutokana nayo wakajua tofauti ya longitudo baina ya miji yao. Baadaye al-Biruni aliandika kitabu kizima, alichokimaliza mwaka 1025, juu ya kupima mahali pa miji, na lengo lake mojawapo lilikuwa kupata kibla cha mji wa Ghazna.

Kibla nacho ni mtihani mzuri kwa mwanafunzi wa Kagera. Msikiti wa Dar es Salaam huelekea karibu kaskazini kabisa, kwani Makka ipo karibu katika longitudo ile ile. Mwenye kuuiga mwelekeo huo Bukoba au Muleba atakosea kwa zaidi ya nyuzi 17, maana huko kibla ni kama nyuzi 18 na nusu mashariki ya kaskazini halisi. Tofauti hiyo haipatikani kwa kukisia juu ya ramani bapa. Yahitaji trigonometria ya tufe, ambayo al-Biruni na wenzake waliikuza kwa haja hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kuyaleta haya darasani ni kupendelea dini moja katika mkoa wenye Wakatoliki na Walutheri wengi. Hofu hiyo yaeleweka, lakini historia yenyewe haiungi mkono. Hunayn bin Ishaq, aliyefasiri tiba ya Kiyunani kwa Kiarabu, alikuwa Mkristo. Thabit bin Qurra, mwanahisabati hodari, alikuwa Msabii. Ilikuwa sayansi ya lugha moja na ya watu wa imani mbalimbali. Upande wa pili wapo wapenzi wa historia hii wanaodai kwamba kila kitu, hata vyombo vya kisasa, kilikwisha kugunduliwa Baghdad. Hao huidhuru hoja yao wenyewe. Wanaodai kwamba Waislamu waliwahifadhia Wayunani vitabu tu nao wamekosea: Ibn al-Haytham aliandika kitabu cha kuonyesha kasoro za Ptolemy, na Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa msikiti mkuu wa Damascus katika karne ya 14, alibuni mifano ya mwendo wa sayari inayofanana mno na ile aliyoitumia Copernicus karne mbili baadaye.

Mwalimu atalalamika kwamba muhtasari umejaa na mtihani hauulizi mambo hayo. Ni kweli hauulizi majina. Lakini unauliza longitudo na wakati, unauliza mwanga kwenda mstari mnyofu, na Ibn al-Haytham alikwisha kueleza kwa nini mwanga wa jua lililopatwa, ukipita katika tundu dogo, huchora hilali. Tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa kabisa kaskazini mwa Uganda na sehemu kubwa yake kufunikwa Kagera, kila tundu la msumari katika bati lingeweza kuwa maabara.

Kwa kivuli hapana haja ya kungoja kupatwa. Shule moja ya Muleba na moja ya Dar es Salaam zisimamishe vijiti siku moja, kila moja iandike saa ambapo kivuli ni kifupi kuliko vyote, kisha zipigiane simu. Jibu litakuwa karibu dakika 30. Wasichague siku zilizo karibu na tarehe 16 Machi au 27 Septemba, kwani siku hizo jua hupita utosini Muleba na kivuli cha adhuhuri hakipimiki. Na likizidi au kupungua kwa dakika tano, wakague kwanza kama kijiti kilisimama wima.