Miungu ya Waigbo iliyouzwa Paris: ikirudi nyumbani, nani ataipokea?

Tarehe 29 Juni 2020, nyumba ya mnada ya Christie's iliuza mjini Paris sanamu mbili za mti, ya mwanamume na ya mwanamke, zilizotoka kwa Waigbo wa kusini-mashariki mwa Nigeria. Bei ilikuwa yuro 212,500. Tume ya makumbusho ya Nigeria ilikuwa imeomba mnada usimamishwe, na Profesa Chika Okeke-Agulu, Mwigbo anayefundisha Princeton, Marekani, alikuwa amesema waziwazi kwamba vitu hivyo viliporwa wakati wa vita vya Biafra. Mnada uliendelea. Tangu siku ile Ujerumani imerudisha sehemu ya shaba za Benin, na mwaka 2025 Uholanzi ikarudisha 119. Kwa sanamu za Waigbo jambo ni gumu zaidi, na sehemu ya ugumu huo inatuhusu sisi watu wa kanisa.

Kwanza tuelewe ni vitu gani. Waigbo humwita Mungu mkuu Chukwu. Chini yake, katika imani ya wazee wao, wako alusi, nguvu zinazosimamia mto, ardhi, soko, na hata siku nne za juma lao. Wachongaji waliwapa alusi umbo la mtu: anasimama wima, mikono mbele, viganja vikitazama juu, kama mtu anayetoa na kupokea. Walipakwa rangi, wakavishwa nguo, wakaletewa kola na damu ya kuku, wakawekwa pamoja kama jamaa moja: baba, mama, watoto. Tusiwachanganye na ikenga, ile sanamu yenye pembe, ambayo ni ya mwanamume mmoja na kazi ya mkono wake wa kuume. Alusi ni wa kijiji au wa ukoo. Hakuna mtu mmoja mwenye haki ya kumwuza.

Hapo ndipo jibu la Christie's linapotushangaza. Walisema hakuna ushahidi kwamba sanamu hizo zilitolewa mahali pake na mtu asiye mwenyeji. Katalogi yao yenyewe ilisema kwamba Jacques Kerchache, mfanyabiashara Mfaransa ambaye baadaye alimshauri Rais Chirac juu ya makumbusho, alizipata mwaka 1968 au 1969. Miaka hiyo Biafra ilikuwa imezungukwa na jeshi. Watoto walikufa kwa njaa, na ndege za makanisa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, zilitua usiku Uli zikileta chakula. Tuseme kweli ni mwenyeji aliyezibeba. Mtu mwenye njaa anayeuza kitu cha kijiji kizima vitani hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa jinsi mali inavyotoka wakati watu wamekimbia.

Lakini tusimlaumu mfanyabiashara peke yake. Misheni ya Waanglikana ilifika Onitsha mwaka 1857, ikiongozwa na John Christopher Taylor, ambaye wazazi wake walikuwa Waigbo waliokombolewa utumwani. Kizazi baada ya kizazi, waliobatizwa walifundishwa kuona haya mbele ya vitu hivi. Wengi waliviacha, wengine waliviteketeza. Vita vilipofika, mahali pengi pa ibada palikuwa na walinzi wachache, na kitu kisicho na mlinzi huibwa kwa urahisi.

Sasa tuseme sanamu zinarudi. Benin wana mfalme, na mwaka 2023 serikali ya Nigeria ilimtambua Oba kuwa mwenye shaba zao. Waigbo wenyewe husema hawana mfalme. Kijiji kilichopoteza alusi leo kimejaa makanisa, na vikundi vya maombi huko bado vinachoma mahali pa ibada ya wazee. Tungependa wasichome. Kule Efeso walioamini walichoma vitabu vyao wenyewe, si vya jirani (Matendo 19). Paulo alipotembea Athene alizitazama madhabahu, hakupindua hata moja, akaanzia mahubiri yake kwenye mojawapo. Ndugu watatukumbusha Gideoni, na ni haki yao. Lakini Gideoni alipewa amri juu ya nyumba ya baba yake. Tukisoma 1 Wakorintho 8 na kukubali kwamba sanamu si kitu, basi inaweza kusimama katika makumbusho ya Enugu bila kumtisha Mkristo.

Sisi Wakongomani tuna swali hilohilo. Mwaka 1921 Simon Kimbangu aliwaambia watu waache minkisi, wakaiacha kwa wingi. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa barakoa ya Kakungu ya Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Ilipokelewa na makumbusho ya taifa. Je, wazee Wasuku wa Kwango, au wachungaji wao, waliulizwa?

Lipo jambo moja ambalo mnada haukuligusa. Alusi hawakupewa kuku tu. Walipewa watu pia. Mtu aliyetolewa kwa alusi aliitwa osu, yeye na uzao wake, na mtu huru hakuoa kwao. Bunge la Mashariki ya Nigeria lilifuta desturi hiyo kwa sheria mwaka 1956. Hata hivyo hadi leo ndoa za Wakristo, waliobatizwa na wanaoshiriki meza moja ya Bwana, zinavunjwa kwa sababu hiyo. Sanamu imekwenda Paris zaidi ya miaka hamsini, na bado kuna mzee wa kanisa anayeuliza kama babu ya bibi arusi alikuwa wa alusi fulani.