Tunalilia Skyline ya Yokohama huku DX zetu zikiuzwa vyuma vikuukuu

Ukifungua TikTok usiku, hupiti dakika kumi kabla ya kukutana na Nissan Skyline GT-R R34 ikinguruma kwenye egesho la Daikoku, Yokohama. Rangi ya samawati, taa nne za duara nyuma, muziki wa polepole. Hapo chini Wakenya wamejaa wakiandika "siku moja".

Hiyo siku moja, kwa sheria yetu ilivyo, ni ngumu kufika. Gari la mtumba linaloingia nchini halifai kuzidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kuanzia Januari 1, 2026, mstari umesogea tena: lazima liwe lilisajiliwa 2019 au baadaye. R34 ilianza kuuzwa 1999 na ikaacha kuundwa 2002. Piga hesabu mwenyewe.

Marekani wamepindua hesabu hiyo. Kule, gari ambalo halikuundwa kwa kanuni zao za usalama hufungiwa nje hadi litimize miaka 25. Ndiyo maana GT-R R34 za kwanza zilifunguliwa mlango Januari 2024. Wale waliozijua kwa sinema na gemu wakiwa watoto sasa wana kazi na wana doo. Tayari mwaka wa 2023, moja aliyoiendesha Paul Walker katika Fast & Furious ilikuwa imepigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 1.3. Hamu ya zamani imekuwa biashara, mazee.

Lakini kwa nini hasa magari ya Japani ya enzi hiyo?

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Japani ilikuwa imelewa pesa. Bei za ardhi na hisa zilipanda bila breki, na kampuni za magari zikawapa wahandisi nafasi ya kucheza. Nissan ikatoa Figaro mwaka wa 1991, kigari chenye sura ya miaka ya 1950 ilhali chini ya boneti ni March ya kawaida tu. Yaliundwa 20,000, na waliotaka walikuwa wengi hadi ikabidi bahati nasibu iamue nani atauziwa. Kulikuwa na S-Cargo, kivani chenye umbo la konokono. Kulikuwa na Autozam AZ-1, injini cc 660, yaani kama bodaboda nne zikiungana, na milango inayofunguka kwenda juu kama mabawa.

Hata madereva wa malori hawakuachwa nyuma. Waliyapamba kwa taa na michoro hadi yakaitwa dekotora, na filamu za Torakku Yaro, zilizotoka kati ya 1975 na 1979, zikaeneza mtindo huo. Wewe uliyekulia Rongai au Umoja ukishangilia nganya, hilo halikushangazi. Ni ugonjwa ule ule.

Sherehe iliisha mapema miaka ya 1990 uchumi ulipoporomoka. Kufikia 1999, Nissan ilikuwa ikiokolewa na Renault. Mwaka wa 2025 ikatangaza kwamba kiwanda chake cha Oppama, kilichofunguliwa 1961, kitaacha kuunda magari mwisho wa mwaka wa fedha wa 2027. Ukichunguza vizuri, watu wanalilia ule wakati kampuni kubwa ingeweza kuunda kituko na kukiuza bila kuulizwa faida kila robo mwaka.

Sasa rudi nyumbani, kwa sababu mapenzi yetu na magari haya hayakuanza na simu. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally 1971 na 1973. Joginder Singh alishinda 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta akachukua nne mfululizo, 1979 hadi 1982, ndani ya Datsun. Mwaka wa 1993, Patrick Njiru aliingia Safari na Subaru Vivio, kigari cha cc 660, akamaliza wa 12. Vivio, kwenye yale mawe! Na matatu za abiria 14 tuliziita Nissan zote, hata ikiwa ni Toyota Hiace.

Shida iko hapa. Sheria ile ile inayokuzuia kuleta R34 imefanya kila Toyota DX, Nissan B12 na Datsun 1200 iliyo humu nchini kuwa ya mwisho. Ikikatwa, hakuna meli italeta nyingine Mombasa. Na zinakatwa. Mzee amefariki, watoto wanataka nafasi ya kuegesha, mtu wa vyuma anakuja na mizani. Gari lililosomesha familia nzima linauzwa kwa kilo.

Cha kuchekesha ni kwamba mashabiki wa katuni ya Initial D wanaota Corolla AE86, ilhali DX ya kizazi cha KE70 nayo husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ni ndugu yake mkubwa, amekaa kijijini chini ya mwembe, kuku wametaga kwenye kiti. Toyota yenyewe imerudi kutengeneza baadhi ya spea za AE86 na Land Cruiser 40, maana imeona wateja wapo.

Sisemi sheria ya miaka 8 ni mbaya. Hewa ya Nairobi tunaivuta sote, na DX haina airbag wala ABS. Ukiipata, usiende kuikimbiza Thika Road saa nane usiku. Ni gari la Jumapili.

Lakini kama kuna moja kwa shosh, wahi kabla ya mizani. Tafuta logbook kwanza. Bila hiyo una pambo tu. Angalia kutu chini ya zulia kabla ya kusikiliza injini, kwa sababu injini hutengenezeka lakini bodi iliyooza itakumaliza mfuko. Kisha mtafute fundi wa zamani, yule anayerekebisha kabureta kwa kusikiliza mlio tu. Vijana wengi wa gereji siku hizi huanza kwa kuchomeka kompyuta, na DX haina pa kuichomeka.

Usimwachie gari ukaenda. Kaa hapo, shika spana, uliza jina la kila kifaa. Huyo fundi hana miaka 25 ya kukungoja.