Wakati Wetu Unatunzwa na Nani?

Saa iliyopo Dodoma huenda mbio kuliko iliyopo Dar es Salaam. Sisemi fumbo. Einstein alionyesha kuwa kadiri tupandavyo juu, ndivyo wakati unavyokwenda kasi zaidi. Makao makuu yetu yako takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na tofauti hufikia kama nanosekunde 10 kwa siku.

Wapo watakaouliza: hayo yamfaa nini mkulima wa zabibu wa Hombolo? Katika nanosekunde 10 mwanga husafiri mita 3. Saa ya setilaiti ikikosea kiasi hicho, kipimo cha umbali hukosea mita 3. Na katika jiji linalopimwa viwanja kila uchao, mita 3 zatosha kuwafikisha majirani barazani.

Tangu 1967 sekunde hufasiliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya siziamu. Leo saa zitumiazo mwanga na atomi za strontiamu au iterbiamu zimeipita mbali kwa usahihi. Kikwazo ni kwamba kila atomi ipimwapo hujibu kwa kubahatisha, kama sarafu iliyorushwa: atomi 100 hupunguza kosa mara 10 tu. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, Marekani, walizifungamanisha atomi za iterbiamu kwa kanuni za kwanta, bahati ya moja ikafidiwa na nyingine, mithili ya waimbaji wa Kigogo wasikilizanao.

Hoja yangu, hata hivyo, ni ya kisiasa. Wakati wa dunia hukokotolewa karibu na Paris kutokana na saa zaidi ya 400 za maabara za mataifa. Mwenye saa huchangia, asiyenayo hupokea. Setilaiti za GPS, zinazotegemewa na simu zetu, huendeshwa na jeshi la Marekani. Mwaka 1973 tuliamua madaraka yakae katikati ya nchi. Je, wakati wetu ukae ughaibuni daima?

Sidai tununue saa ya mabilioni ilhali shule hazina maabara. Nadai maabara hizo zijengwe, na vijana wasomeshwe fizikia ya kwanta na sayansi ya vipimo. Mataifa yanajiandaa kuifasili upya sekunde, yakilenga 2030. Tutakuwa na wataalamu wa kuijadili, au tutangoja waraka?

Wazee wetu walihesabu saa kuanzia macheo, bila kumwomba mtu ruhusa. Urithi huo haustahili kuishia kwetu.