Kodi Bila Fizikia ni Kiini Macho

Wasee, nimechoka na haya matangazo. Kila nikifungua simu: "Jifunze kodi wiki nane, fizikia haitakulisha." Mtu analipa, anamaliza, anajua kutengeneza tovuti ya saluni. Wenzake mia wanajua hiyo hiyo. Kisha anarudi kwa mamake kuomba nauli.

Sisi wa Giakanja ndio tunafaa kukasirika zaidi. Hapa tu Nyeri, ndani ya chuo kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya semikondakta. Chipu ni silikoni. Sasa ni nani atakayeielewa silikoni, huyu wa saluni?

Ati lazima uwe na maabara ya mamilioni? Zii. Quantum ESPRESSO ni programu ya bure, na Python pia ni ya bure. Kipande kidogo kabisa kinachojirudia ndani ya fuwele ya silikoni kina atomu 2 peke yake. Laptopu ya mtumba, hata ile ya betri iliyokufa, inazimudu kwa dakika chache. Unaiambia atomu ziko wapi, inakokotoa elektroni zimekaaje na nishati yake ni ngapi. Unazisogeza kidogo, unarudia. Pale nishati inaposhuka chini kabisa ndipo fuwele inapotulia. Hiyo kazi ya kurudia-rudia, mistari michache ya Python inakufanyia ukinywa chai.

Lakini iulize pengo la nishati, yaani nguvu ya kuing'oa elektroni ili silikoni ipitishe umeme. Kwa mbinu ya kawaida itakupa kama elektroni-volti 0.6. Iliyopimwa maabara ni 1.1. Karibu nusu imepotea! Na kodi yako haina kosa hata moja. Makadirio yenyewe ndiyo yana udhaifu huo, na wanafizikia wanaujua miaka mingi. Aliyefundishwa kodi tu ataibandika hiyo 0.6 mtandaoni na kujipiga kifua. Wa fizikia atashtuka, aanze kuchimba.

Na msiniletee ile ya "hayo ni ya wazungu". ASESMA, shule ya Afrika ya mbinu hizi hizi, ilikaa Eldoret mwaka wa 2012. Wakenya kama George Amolo wa Technical University of Kenya wako ndani ya hii kazi kitambo. Zile hesabu nzito za kushinda laptopu, kuna kompyuta kuu za CHPC kule Cape Town ambazo watafiti wa huku wamezitumia.

Sasa, kuna shule huku kwetu, jina nalimeza, ina kompyuta zimefunikwa vitambaa tangu ziletwe. Tukiuliza tunaambiwa zitaharibika. Zitaharibika aje kwa kuhesabu atomu mbili? Jumamosi saa tatu tunaenda kuomba ufunguo, kwa heshima. Mwenye flashi abebe, na daftari la fizikia msisahau.